Kidole Gumba Ndani ya Kopo

Zile biskuti nazijua. Ni ngumu, rangi yake kama udongo wa kichuguu kilichokauka, na ukizitafuna bila maji zinaganda kwenye ufizi. Utamu upo, lakini ni wa mbali, kama utamu wa dawa ya mtoto. Mtoto mwenye njaa hulowanisha kipande kwenye kikombe mpaka kigeuke uji, anakunywa, kisha anapitisha kidole chini ya kikombe na kukilamba. Nimewaona wakifanya hivyo, wengi mno.

Kwa hiyo Julai 2025, redio iliposema kwamba karibu tani 500 za biskuti za namna hiyo zinakwenda kuteketezwa Dubai, nilimwomba mke wangu anyamaze kidogo nisikie vizuri. Nilikuwa nimesikia sawa. Serikali ya Marekani ilizinunua kwa karibu dola 800,000 ziwafikie watoto wa Afghanistan na Pakistan. Mapema mwaka huo likaja agizo la kusimamisha misaada, shirika lake la misaada la USAID likavunjwa, na waliokuwa wakitia sahihi ili mzigo utoke ghalani wakawa hawapo tena kazini au hawana mamlaka. Biskuti zikakaa zikingoja sahihi mpaka tarehe ya mwisho ya matumizi ikafika. Hakuna aliyetuhumiwa kuiba hata pakiti moja. Nina hakika daftari la ghala lile lilikuwa safi.

Nimefanya kazi ya misaada ya maafa kwa vipindi tofauti, na baadaye nikaja kuipokea mwenyewe. Watu wanaojua hivyo huniuliza swali moja: "Mzee, zile hela si huwa zinaliwa?" Zinaliwa, ndiyo. Ila mara nyingi si pale wanapodhani, na nikianza kueleza wapi, subira yao huisha kabla yangu.

Mimi ni Mhangaza wa Ngara, Tanzania, mpakani na Rwanda na Burundi. Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda vinasikilizana. Mzee wa kwetu anaweza kubishana bei ya mbuzi na Mnyarwanda bila mkalimani, na hicho ndicho kilichonipa kazi. Tarehe 28 Aprili 1994, majeshi ya waasi wa RPF yakiwa yanakaribia, walinzi wa upande wa Rwanda wa daraja la Rusumo waliondoka na watu wakaanza kumiminika. Ndani ya saa 24 hivi walikuwa wamevuka watu wanaokadiriwa kufika 250,000. Wilaya nzima ya Ngara wakati huo haikuwa na wakazi wanaofika idadi hiyo. Walipelekwa Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitalia iliyowahi kujenga barabara pale, na kwa siku chache kilima kilichokuwa cha mbuzi na nyasi kikawa mmoja wa miji mikubwa ya Tanzania.

Nilikuwa na miaka 22, nauza dukani kwa kaka yangu. Wiki iliyofuata mzungu mmoja alisimama juu ya boneti ya gari lake akauliza kwa Kiingereza ni nani hapa anaelewa lugha ya hawa watu. Nilinyoosha mkono. Jioni ile nilikuwa na fulana yenye nembo kifuani, ubao wa kuandikia wenye kibanio, na ahadi ya mshahara ambao mwalimu wangu wa shule ya msingi hakuwahi kuushika.

Niseme kwanza lililokwenda vizuri, maana wapenda kusimulia ubadhirifu hupapita hapa wakikimbia. Maji yalifika. Pampu ziliwekwa kwenye bwawa, matanki ya mpira yakavimba juu ya kilima kama vifaru waliolala, mitaro ya vyoo ikachimbwa usiku na mchana, watoto wakachanjwa surua. Julai ya mwaka ule ule, huko Goma, Zaire, wakimbizi wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja au zaidi kidogo, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Benaco haikufika huko. Mafundi niliowatafsiria, wengine wakiwa vijana kunizidi, waliokoa watu kwa mabomba na klorini, na pesa iliyonunua mabomba yale ilikwenda mahali pake.

Lakini ni kwa nini walikuwa tayari? Kwa sababu mashirika kadhaa yalikuwa tayari yako ukanda wetu, na vifaa vyao, kwa ajili ya Warundi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na mamia ya maelfu walikimbilia kwetu. Kamera hazikuja. Misaada ilichelewa, na watu wakafa kwa kuhara damu na njaa kwenye mashamba yetu. Mama yangu alizipikia familia mbili ndizi kwa wiki sita, na katika wiki hizo hakuna gari hata moja lililosimama mlangoni. Nilipovaa ile fulana miezi michache baadaye na kuona ndege zinashusha maturubai, nilimkumbuka mtoto wa Kirundi tuliyemzika chini ya mparachichi, nikajiuliza amekosea nini kufa Novemba badala ya kufa Mei.

Sasa kopo.

Chakula kiligawiwa kwa kopo. Lilikuwa la bati, limekatwa mdomo na kupigwa nyundo ukingoni lisimkate mtu. Asubuhi lilipimwa kwenye mizani: likijaa maharage mpaka ukingoni ni gramu kadhaa, mgao wa mtu mmoja kwa siku kadhaa. Mzungu aliyelipima alikuwa makini, alikwaruza alama kwa msumari. Kisha kopo likakabidhiwa kwa kijana aliyechaguliwa na konseye, yaani kiongozi wao wa sekta tangu nyumbani, kwa kuwa wakimbizi walikuwa wamepangwa kwa komini walizotoka, na viongozi wao wa nyumbani ndio walioandika majina na kugawa. Hapakuwa na njia nyingine ya haraka ya kuwalisha watu wengi kiasi kile, au ndivyo tulivyoambiana.

Yule kijana alilishika kopo vidole vinne nje, gumba ndani. Gumba la mtu mzima likizama mpaka fundo la pili linachukua nafasi ya maharage yanayojaza kiganja cha mtoto. Alichota kwa haraka, akamimina huku akipiga soga na mwenzake, akakwangua ukingo, akaita anayefuata. Mara mia. Mara elfu. Ilipofika adhuhuri, kando ya turubai palikuwa na magunia mawili ambayo hayakuwa ya mtu yeyote aliyesimama kwenye foleni. Ilipofika jioni yalikuwa yameshapata mwenyewe.

Palikuwa na mama mmoja mwenye watoto watatu. Hakuwa mzaliwa wa komini ile. Aliolewa kutoka mbali, na mumewe alipotea njiani. Konseye hakumwandika. Alikuwa akisimama mwisho kabisa akipewa kilichobaki kwenye turubai, pamoja na mchanga wake. Siku moja aliniambia bila hasira yoyote, "Mwanangu, kidole cha huyo kijana kinakula kuliko mimi."

Nilimpelekea bosi wangu maneno yale. Alifungua daftari. Zimetoka tani ngapi ghalani? Nikamtajia. Zimefika ngapi uwanja wa mgao? Nikamtajia. Zililingana. "Basi hesabu iko sawa," akasema, akalifunga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analala saa nne kwa usiku na kula sardini za kopo akiwa amesimama, na kila Ijumaa simu ya setilaiti ilimdai taarifa. Waliokuwa wakimuuliza walikaa ng'ambo, na walichotaka kujua ni tani. Yule mama mwenye watoto watatu hakuwa na simu ya kumdai mtu chochote.

Taarifa zote nilizosaidia kuandika miaka ile ziliishia mlangoni mwa ghala. Kutoka pale mpaka kwenye chungu palikuwa na mwendo mfupi, labda mita mia tatu, na mita hizo hazikuwa na mhasibu.

Jambo hili lingekuwa la kusikitisha tu kama hao waandika orodha wangekuwa viongozi wa kawaida. Hawakuwa hivyo wote. Miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwamo walioongoza mauaji ya Watutsi wiki hizo hizo, na mto Kagera ulikuwa bado unabeba maiti kuelekea Ziwa Viktoria wakati sisi tunapanga foleni. Jean-Baptiste Gatete, meya wa zamani ambaye mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2011 kwa mauaji ya kimbari, alikuwa Benaco. Juni 1994 jaribio la kumwondoa lilizua ghasia kubwa kambini. Kopo na orodha vilikuwa silaha mikononi mwa watu wa namna hiyo: anayekupa maharage ndiye anayekuamulia kama utarudi kwenu. Mwishoni mwa mwaka huo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijitoa katika kambi za Zaire na za Tanzania, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji na kuwapa nguvu. Wengine walibaki wakisema watoto hawajaua mtu. Nilizisikia hoja zote mbili usiku, karibu na jenereta, na zote mbili zilikuwa za kweli. Mimi nilibaki kwa sababu ya mshahara. Ningeweza kutafuta sababu nzuri zaidi, ila hiyo ndiyo iliyokuwepo.

Tathmini kubwa ya pamoja iliyotolewa 1996 ilikadiria kuwa misaada ya dharura kwa mgogoro wa Rwanda kati ya Aprili na Desemba 1994 ilifikia dola bilioni 1.4. Ilisema pia, kwa lugha ya wataalamu, kwamba misaada ilifanywa kuwa mbadala wa maamuzi ya kisiasa. Kwa lugha ya Ngara: mataifa makubwa yalituma maharage mahali palipohitaji askari na mahakama. Pesa ya maharage ikitumika vizuri namna gani, haiwezi kufanya kazi ya askari.

Baadaye mambo yalirekebishwa, na hili pia lisemwe. Wakimbizi walihesabiwa upya, idadi ikashuka, mgao ukaanza kupelekwa kwa vikundi vya kaya badala ya kupitia kwa wakubwa. Yule mama akapata kadi yake mwenyewe, akaifunga kwenye kitambaa na kuivaa shingoni kama hirizi. Aliyeleta wazo la kuhesabu upya hakupewa pesa ya ziada kwa kazi hiyo. Orodha nzuri ni bei rahisi kuliko lori moja la mahindi.

Kuna jambo jingine linalokasirisha wafadhili ambalo mimi liliniwia gumu kulikasirikia: wakimbizi waliuza mgao. Madebe ya mafuta yenye bendera ya Marekani na maandishi kwamba si ya kuuzwa yalikuwa yamepangwa sokoni kama matofali. Kaka yangu alitajirika kidogo kwa madebe hayo. Bosi wangu aliita wizi. Lakini mahindi yaliyoletwa yalikuwa ya punje, na mtu mwenye mahindi asiye na kinu hana chakula. Ilibidi ampe mwenye mashine sehemu ya mahindi ili asagiwe yaliyobaki. Aliuza mafuta apate chumvi, sabuni, kuni, ndizi za mtoto aliyekataa ugali. Kila aliyeuza alikuwa anasahihisha makosa yaliyofanywa na mtu asiyemjua, katika ofisi asiyoijua. Sheria ya Marekani hutaka angalau nusu ya chakula chake cha msaada kisafirishwe na meli zenye bendera ya Marekani. Mkulima wa kule anafaidi, mwenye meli anafaidi, na debe linafika Ngara likiwa limeshalisha wengi njiani. Hiyo siyo rushwa. Ni sheria, imepitishwa bungeni, na imegharimu zaidi ya vidole gumba vyote vya Benaco.

Tangu wakati huo wengine wamejifunza kutoa pesa mkononi. Katika kambi ya Kakuma, Kenya, walianza Bamba Chakula mwaka 2015, mkimbizi akawa anapokea thamani ya chakula kwenye simu na kununua dukani anachotaka. Katika kambi ya Nyarugusu huku kwetu pesa taslimu zilijaribiwa kuanzia mwishoni mwa 2016, mwaka uliofuata zikasitishwa na serikali. Nilisikitika, ingawa naelewa hofu ya wenyeji kuona jirani mkimbizi ana noti naye hana.

Maana wenyeji ni habari nyingine. Mgeni njoo mwenyeji apone, tulisema, na kweli wengine walipona: vibarua, bei ya ndizi, nyumba za kupangisha. Mjomba wangu hakupona. Alikuwa na shamba la miti karibu na Kasulo, na kwa miezi minne lote likawa kuni. Mbuzi wake waliibiwa mmoja mmoja. Alikwenda kwenye hema la shirika mara tatu, na mara zote mimi ndiye niliyemtafsiria jibu: bajeti ni ya wakimbizi. Mara ya tatu aliniangalia mimi, hakumwangalia mzungu. "Waulize," akasema, "kama mti wangu ukikatwa na mkimbizi ni mti wa mkimbizi." Sikuitafsiri ile. Nilisema mzee anashukuru kwa muda wao.

Na kwa kuwa nimefika kwenye ninayojutia, kuna zile katoni. Mwaka 1995 nilichukua katoni mbili za biskuti ghalani nikampelekea mama. Aliuliza, "Umepewa au umechukua?" Nikasema nimepewa. Aliwagawia watoto wa jirani wote, hakuonja. Kwenye fomu ya mwisho wa mwezi palikuwa na safu ya vilivyoharibika safarini. Niliandika mbili, mkubwa wangu akatia sahihi bila kunyanyua kichwa, na hesabu ikawa sawa.

Desemba 1996 serikali yetu na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi. Baadhi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, jeshi likawarudisha barabarani. Karibu nusu milioni walivuka Rusumo kuelekea walikotoka. Yule mama sikumwona katika umati ule, na nilimtafuta. Kilima kilibaki na mashimo, vigingi, vipande vya turubai la bluu vikipepea kwenye miiba, na hakuna mti. Magari yaliondoka ndani ya wiki chache. Mimi nilichukua kopo moja la kupimia.

Mwaka 2005 nilikuwa Kigoma, karani tena, safari hii katika kambi ya Wakongomani ya Nyarugusu. Mgao ulikuwa umekatwa mara kadhaa miaka ile kwa sababu wafadhili hawakutoa walichoahidi. Na ndio wakati ambapo dunia nzima ilikuwa inachangia tsunami ya Desemba 26 ya mwaka uliotangulia. Ilikuwa sawa kuchangia. Zaidi ya watu 200,000 walikufa, na wengine walikufa mpaka pwani ya Somalia na hapa Dar es Salaam. Lakini tathmini iliyokuja baadaye ilionyesha kwamba michango ile ilifikia zaidi ya dola 7,000 kwa kila mwathirika, wakati waathirika wa mafuriko ya Bangladesh ya mwaka ule wa tsunami walipata dola 3 hivi kila mmoja. Siku chache tu baada ya wimbi, Madaktari Wasio na Mipaka waliwaambia wachangiaji kwamba pesa ya tsunami imetosha, wakawaomba ruhusa ya kuipeleka kwingine. Walilaumiwa kwa ukweli wao. Mashirika mengine yaliendelea kupokea.

Mzee mmoja wa Fizi, Kongo, aliyekuwa na redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, alinifuata siku ya mgao akiwa na gunia lake lililosinyaa. "Baba karani," akasema, "ile maji ilikuya siku moja. Vita yetu iko na miaka kenda. Njo kusema, tungekufa wote siku moja wangetuona?" Nilikuwa nimezoea kujibu maswali ya kambi kwa sentensi tatu zilizotayarishwa. Hakuna iliyofaa. Nilimwongezea kopo moja la maharage, jambo ambalo ni kosa kazini, na nikajua kwamba kopo hilo limetoka kwa mtu aliyeko mwisho wa foleni.

Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, nilikuwa Bukoba tulikohamia na mke wangu, nimekaa kibarazani nasoma gazeti. Ardhi ilinguruma kama lori linapanda mlima. Tetemeko lile liliua watu 17 na kujeruhi mamia. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikabomoka. Nyumba yangu ilipasuka ukuta wa nyuma kutoka juu mpaka chini, upana wa kupitisha mkono. Sote tulilala nje.

Baada ya siku kadhaa walikuja vijana wenye fulana. Nilizitazama zile fulana kama mtu anayemwona mtalaka wake harusini. Kijana mmoja aliniuliza jina, umri, idadi ya watu wa kaya, akaandika kwenye ubao wenye kibanio. Alinipa turubai na mablanketi mawili, akaniomba nisimame mbele ya ufa nikiwa nimevishika. Nilitabasamu, kwa mazoea ya picha. "Mzee," akasema kwa upole, "usitabasamu." Nikaacha. Sikumlaumu; picha ile ilikuwa mdai wake wa Ijumaa.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama anayekaanga samaki, alikuwa amepanga vyumba viwili. Nyumba ile ilianguka yote. Hakupata kitu. Niliongozana naye kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye alituonyesha fomu bila hila yoyote: safu ya kwanza iliandikwa jina la mwenye nyumba. Mwenye nyumba anaishi Mwanza. Jina lake lilikuwepo, turubai lake lilikuwa limehifadhiwa. "Fomu haina mahali pa mpangaji, Mzee wangu," akasema. "Nimwandike wapi?" Nilimwambia amwandike pembeni, ukingoni. Alicheka, akadhani natania.

Kuhusu fedha za tetemeko lile magazeti yaliandika mengi. Watumishi waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile ya michango, na nchi nzima ikawaka. Serikali ilieleza kwamba michango itajenga upya miundombinu ya umma, wenye nyumba wajijengee. Ihungo ilijengwa upya kwa fedha za Uingereza na inapendeza, nimeingia kuitazama. Kuhusu akaunti watu walijua cha kusema. Kuhusu fomu hakuna aliyeuliza, redioni wala barazani, na sidhani kama jirani yangu alikuwa peke yake. Tulimpa mama samaki blanketi moja kati ya yale mawili. Nafasi yake kwenye hesabu haipo. Huko ilikokwenda taarifa, mablanketi yote mawili yako kwangu.

Mei ya mwaka ule, miezi minne kabla ya kutikiswa, wafadhili wakubwa na mashirika walikutana Istanbul wakaahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za dharura itakwenda moja kwa moja, kadiri inavyowezekana, kwa watu na mashirika ya nchi zenye maafa. Hawakufika hata karibu. Nilikuwa nawatetea wenyeji sana nilipokuwa kijana, nikidhani orodha ikishikwa na mtu wa kwetu itakuwa ya haki. Yule konseye alikuwa mtu wa kwao. Mwenyekiti wangu alikuwa mtu wa kwetu, tena mwaminifu. Siku hizi ninachouliza ni kitu kidogo zaidi: je, aliyeachwa nje ya orodha ana mahali pa kwenda kusema, na huyo anayemwendea ana sababu ya kumwogopa?

Wakati Dubai wanachoma zile biskuti, Kakuma mgao ulikuwa umeshuka mpaka asilimia 28 ya kiwango cha chini cha chakula. Agosti walianza kugawa watu katika makundi manne kwa kadiri ya shida yao, na kundi la mwisho halikupewa kitu. Pesa imepungua, lazima mtu achague. Hilo nalielewa kuliko wengi. Nilichosikiliza kwenye redio ni kama watasema ni nani aliyekuwa na ule ubao. Hawakusema.

Mwezi uliofuata nilikwenda Ngara kumsalimia dada yangu. Anauza maharage gulioni, na anapimia kwa lile kopo la Benaco. Nilimpa mwaka 1997 alipoanza biashara. Ukingo umeota kutu kidogo, alama ya msumari bado ipo. Nilikaa nyuma ya magunia yake kama saa moja. Alikuja msichana mmoja wa shule, sare ya bluu, pesa ameikunja kwenye ngumi. Akaomba makopo mawili. Dada akainama, akachota, akalinyanyua likiwa limejaa. Msichana hakunyoosha mfuko wake. Aliinamisha kichwa upande, akachungulia mkono wa dada yangu.

"Shangazi," akasema, "toa kidole."